Kesi ya Baba Haiendi Mwanza

Ijumaa, 13 Juni. Upepo wa Dodoma unauma masikio, na likizo ndiyo kwanza imeanza.

Leo naandika yote, hata lile linaloniaibisha.

Kwa miaka tisa Baba alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda cha kukamua alizeti huku kwetu Mkonze. Mwezi uliopita walimpa barua: madumu ya mafuta yamepotea, kwa hiyo ajira imekoma. Hakuitwa wala hakuulizwa. Tangu siku hiyo anaswalia chumbani. Anasema hawezi kusimama safu moja na watu wanaomdhani mwizi.

Baba anataka asikilizwe, basi. Lakini malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku thelathini tu, na leo ni ya ishirini na saba.

Sasa aibu yangu. Baba aliponipa mkataba nimsomee, niliona juu kabisa anwani ya makao makuu, Mwanza. Nikatamka kwa uhakika wote wa kidato cha tatu: "Kesi ni Mwanza, Baba."

Ukurasa wa pili sikuufungua.

Baba mkubwa, kaka yake anayelima kijijini Busi, akaniunga mkono kwenye simu. "Mtoto kasema kweli. Mwenye neno humfuata mwenzake nyumbani kwake. Huwezi kumwita mtu kwako halafu umshitaki." Basi tukakaa karibu wiki tatu, tukingoja goti la Baba lipoe aweze kupanda basi.

Asubuhi ya leo, begi likiwa limeshafungwa kwa safari ya kesho, tulipitia ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi hapa mjini. Tulitaka fomu tu ya kusafiri nayo. Mama mmoja aliyekuwa mezani alimtazama Baba.

"Mzee, kazi ulifanyia wapi?"

"Hapa hapa, Mkonze."

"Na barua ulipewa wapi?"

"Mlangoni pa ghala."

"Sasa Mwanza unafuata nini, samaki sato?"

Akafungua ukurasa wa pili, akaweka kidole: Kituo cha kazi, Dodoma. Mgogoro hupelekwa pale ulipotokea, alisema. Makao makuu ndiyo yatakayomfuata Baba.

Baba alicheka mpaka akashika goti. Fomu tuliijaza pale pale, ikapokelewa.

Njiani nilimwomba radhi. "Wewe angalau ulisoma kichwa cha barua, mwanangu," akasema. "Mimi nilitia saini bila kusoma hata hicho."

Adhana ilipoanza, aliniita nimletee kanzu yake, ile nyeupe. Akatoka nayo mwilini, akichechemea, kuelekea msikitini.

Nimefungua begi lake na kurudisha nguo kabatini. Sijui kwa nini nililia.

Siku ya usuluhishi Baba anataka nikae karibu naye. Ninyi mliowahi kuingia kwenye kikao kama hicho, mwanafunzi anaruhusiwa kukaa na baba yake, hata kama ni kumshikia mkataba tu, wazi kwenye ukurasa wa pili? Nijibuni leo hii hii, tafadhali.