Sare ya Ugenini

Lecce, 1 Machi 2020

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kusini. Barua hii ikukute mzima, na usigune. Najua ukiulizwa hali hujibu "sare", kwa kuwa anayejitangazia ushindi mpira ukiwa bado unachezwa hujiletea nuksi. Hata sare ya ugenini, ambayo kwako ni nusu ya ushindi, hujawahi kujipa. Lakini jana kwenye simu ulikohoa, ukasingizia ugali wako wa polenta.

Leo Atalanta yetu imewafunga wa huku saba kwa mbili. Watu wa Bergamo wamekatazwa kuja kwa ajili ya korona, kwa hiyo nilikaa peke yangu katikati ya wenyeji, nikameza kila bao kama mwizi. Tiketi yako ya mechi ya Sassuolo iliyoahirishwa bado iko jikoni?

Sema neno nipande treni.

Mwanao,
Nives

Bergamo, 5 Machi

Nives mwanangu,

Salamu. Hali yangu sare. Simu sipokei tena. Unasikiliza pumzi zangu badala ya maneno.

Saba kwa mbili nawe ukakaa kimya? Nilikulea vibaya. Hapa Piero wa ghorofa ya chini aligonga dari yake kwa ufagio kila bao, kama kawaida yake, hadi vikombe vyangu vikacheza. Jana alipelekwa hospitali. Ving'ora havipumziki.

Usije. Utakaa jikoni unanitazama, nami nitatazamwa hadi niugue kweli. Tiketi ipo.

Baba yako

Lecce, 12 Machi

Baba,

Salamu, ingawa sina subira ya salamu. Ligi imesimama, treni hairuhusiwi kupandwa ovyo. Nazunguka chumba hiki, nalala mchana, naamka na hasira. Laiti ningalikuja bila kukuuliza.

Nasema ulichonikataza maisha yangu yote: utapona. Tutashinda. Basi, limeshatoka.

Nives

Lecce, 3 Aprili

Baba,

Hujajibu. Shangazi Ines anasema umelazwa, una mpira wa kupumulia kooni, na barua hazifiki wodini. Naandika hivyo hivyo.

Lile neno nalifuta. Nimegusa chuma kuondoa nuksi: kitasa, kitanda, bomba, mpaka mkono umenuka kutu. Sikusema tutashinda. Matokeo hatuyajui, bado tunacheza. Hali sikuulizi.

Mwanao

Bergamo, 22 Juni

Nives mwanangu,

Salamu nyingi. Mwandiko usikutishe, mkono unajifunza upya. Barua zako Ines alinirundikia mezani. Nilizisoma zote jana asubuhi.

Jioni ile mechi ya Sassuolo ikachezwa, uwanja mtupu. Nilitia tiketi mfukoni, nikafungua dirisha. Unakumbuka kelele za uwanjani zilivyokuwa zikitufikia kabla bao halijaonekana kwenye televisheni? Mimi nikiruka, wewe ukiuliza, "Vipi, vipi?" Jana hakuna. Nilisikia kipa akimtukana beki wake. Bao likanikuta nimeduwaa.

Basi nikapiga kelele mwenyewe, sauti ya jogoo mgonjwa. Bi Carminati akatokeza dirishani kwake: "Battista, nyamaza, wewe tulishakuzika Machi."

"Mlinizika vibaya," nikamjibu.

Kisha nikasubiri ufagio wa Piero. Nilijua hayupo tena, Ines alishaniambia, lakini miguu ilisubiri. La pili sikupiga kelele. Wala la tatu. Tulimaliza nne kwa moja.

Lile neno lako la Machi, nilitaka kukugombeza. Nimelisoma tena, nimeliweka pamoja na tiketi.

Treni zinatembea. Njoo.

Hali hukuniuliza. Sare, binti yangu. Ila ni sare ya ugenini.

Baba yako