Shangazi na Maneno Kumi na Tano

Dada Mwanahamisi, shikamoo. Mola akulinde huko Morogoro. Hapa Kigombe joto linatutokosa, na chai ya tangawizi hainipiti kooni kwa kucheka.

Si tuliafikiana nije nimchukue Shangazi akakae kwako, kwa kuwa anasahausahau? Basi jana akapita binti wa chuo kikuu anayetafiti kumbukumbu za wazee. Nikamkaribisha mbio, nikitaka ushahidi. Akatusomea mimi na Shangazi maneno kumi na tano: ndoo, mbuzi, ufagio, na mengineyo. Shangazi akawa anayaimba huku akiyumba, vile tulivyokuwa tukihifadhi sura madrasa.

"Bibi, sikiliza tu," binti akamwambia.

"Ndiyo nasikiliza, mwanangu. Kichwa kikitulia kinalala."

Tukanywa chai kwanza, kisha akatuuliza. Shangazi akayatoa yote kwa mpangilio, hakuruka hata moja. Mimi nikapata matano, na la tano halikusomwa kabisa: nilisema papa, kwa kuwa harufu yake ilikuwa ikitoka jikoni. Binti akaliandika nalo.

Basi Shangazi hahami. Nguo zangu kazitoa begini, kazifungia kabatini mwake, na ufunguo kaufunga pindoni mwa kanga. "Mwambie dada yako," anasema, "wa kuangaliwa ni huyu mdogo wake aliyemtuma. Nitakaa naye mimi."

Kwa hiyo Ijumaa usinitazamie. Niombee dua, dada yangu, na wanao wabusu mashavu yote mawili.

Mdogo wako, Saumu