Popo wa Maabara Wamepuliziwa Dawa

Mwenzangu, nina hasira kweli.

Unawajua wale popo wa dari ya maabara, ambao wanafunzi wangu wamewahesabu kila jioni tangu muhula uanze? Mkuu wa shule amewapulizia dawa. Wote! Asubuhi nimefungua mlango nikawakuta wametapakaa sakafuni.

Namuuliza kwa nini, ananijibu, "Mwalimu, kesho tuna wageni. Dari ilikuwa inanuka."

Wageni gani? Si hao hao wanaokuja kuona utafiti wa popo! Barua ya mwaliko alisaini mwenyewe. Alisaini mwenyewe, unanielewa?

Basi yule msichana mpole wa darasani kwangu, asiyesema hata akikanyagwa, akachukua daftari la utafiti akaandika: "Leo: hai 0, wafu 212. Sababu: mkuu wa shule."

Mkuu akanigeukia mbele ya watoto. "Mwalimu, futa hiyo."

Nikamwambia, "Mzee, takwimu hazifutwi." Nikachukua kalamu nikasaini chini ya maneno ya mtoto.

Kesho wageni watalisoma hilo daftari. Na mimi ndiye nitakayewafungulia ukurasa.