Difu Iliyolishwa Maranda

Jumapili, Juni. Kihesa.

Baridi ya leo ni ile ya kunawa uso na miguu halafu unajisingizia umeoga. Nimevaa soksi mbili na koti la marehemu baba, nimekaa na kompyuta mapajani, na nina furaha mbaya. Niiite hivyo hivyo. Leo nimemlipizia kaka yangu mbele ya usharika mzima.

Nianze na gari.

Baba alipofariki mwaka jana aliacha vitu viwili vya maana: shamba la mipaina kule kwetu milimani, juu ya Ilula, na gari lake kuukuu la fowili, lile ambalo njia ikiharibika magurudumu yote manne yanavuta. Mwaka huu, baada ya Pasaka, ukoo ukakaa kugawa mali. Kaka Lameck, mkubwa wetu, mwenye mashine ya kupasua mbao, akasimama na kusema kwa sauti ya kanisani: "Mdogo wangu anapeleka vyakula kambi za watalii kule njia ya Idodi. Anahitaji gari kuliko miti. Nampa gari, zima kabisa, mimi nibaki na shamba. Asije mtu akasema nimemwacha dada yangu anatembea kwa miguu."

Watu wakapiga makofi. Baba mdogo akasema huyo ndiye mtoto wa kiume. Kwetu binti kupewa hata baiskeli ya marehemu ni habari ya kusimuliwa, kwa hiyo na mimi nikalia kwa shukrani, nikasaini karatasi ya kuachia sehemu yangu ya shamba.

Machozi yale nayaonea aibu mpaka leo.

Kabla ya kunikabidhi funguo, Kaka Lameck alikaa na gari siku tatu. Alisema analifanyia sevisi. Lilipokuja lilikuwa kimya, na nikawa namsifia kwa kila mtu, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Wiki ya tatu likaanza kulia. Nikifika mwendo wa sitini natoka Iringa, nasikia kitu kinavuma nyuma yangu kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili. Nikapunguza, kikanyamaza. Nikaongeza, kikarudi. Siku hiyo nilikuwa nimebeba nyama na maziwa ya kambi, na meneja wa kule ameshaniambia kwamba gari likilala njiani mara moja tu, atatafuta mtu mwingine. Ile kazi ndiyo inayosomesha wanangu. Niliendesha hadi Idodi bila kufika sitini tena.

Nilimpigia Kaka Lameck. Akacheka. Akasema wanawake wakishika usukani wanasikia mizimu, niongeze sauti ya redio.

Niongeze redio! Hilo neno nimelala nalo mwezi mzima.

Fundi wa kwanza, mjini, hata hakuinama chini ya gari. Alisema ni tairi. Nikabadilisha tairi, mlio ukabaki vilevile. Ndipo nikaenda kwa Fundi Ambokile, Mnyakyusa wa Mbeya mwenye gereji hapa Kihesa, mtu mzima asiye na haraka. Nilipoanza kulalamika kwamba linalia, akanyanyua mkono wenye spana. "Ndaga, asante, dada. Usiniambie linalia. Niambie linalia lini."

Nikanunua daftari. Wiki nzima nilizima redio nikawa msikilizaji. Kwenye lami linalia, kwenye vumbi linalia, sauti ni ileile, kwa hiyo tairi hazina kosa. Kwenye mteremko mpole nikaweka gia huru: bado likavuma, kwa hiyo si injini wala gia boksi. Nikikanyaga mafuta linanguruma, nikiachia linatulia kidogo, kisha linaanza mluzi mwembamba. Loki za magurudumu ya mbele, zile zinazoyaunganisha na fowili, nilizifungua, na mlio haukupungua, kwa hiyo si mbele. Kila jioni naandika, na kila jioni hasira inapanda, maana nilishaanza kujua ninachokitafuta.

Ambokile alisoma daftari lote akiwa amesimama, akacheka kwa furaha, akaniambia nikichoka na kambi niende nikafanye kazi kwake. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alifungua ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, akaitoa kabisa, akaingiza fowili, tukaondoka tukivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Tulifika sitini. Kimya. Tukazidisha kidogo. Kimya, nasikia mpaka kiti kinavyolalamika.

"Difu ya nyuma," akasema, yaani lile bonge la chuma lenye meno ndani, katikati ya magurudumu ya nyuma, linaloyagawia nguvu.

Tuliporudi akaweka beseni chini ya difu, akafungua boliti ya kumwagia mafuta. Hayakumwagika. Yalishuka polepole kama uji wa ulezi, meusi, yamejaa vitu kama makapi. Ambokile akachota kidogo, akasugua kwa vidole, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka. Yalikuwa maranda ya mbao. Akanieleza kwamba ni ujanja wa zamani wa kuuzia magari mabovu: meno ya difu yakiisha yanapiga kelele, mtu anasindilia maranda ndani, yanameza mlio kwa wiki chache, mnunuzi akishazoea kiti yanasagika na kelele inarudi ikiwa na ndugu zake.

Maranda. Na mimi nina kaka mwenye mashine ya kupasua mbao aliyekaa na gari siku tatu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa juu ya ndoo pale gereji nikacheka. Haikuwa gari tu. Alichukua miti ya baba kwa ujanja na akapigiwa makofi, na makofi mengine nilipiga mimi. Nilitaka makofi yale yarudishwe.

Ambokile aliniuliza kama amwage ile takataka. Nikamwomba chupa.

Leo kule kwetu ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Baada ya ibada, mazao yote tuliyoleta madhabahuni hutolewa nje na kunadiwa: maboga, kuku, mahindi, miwa. Nilipeleka chupa yangu ya kioo, mdomo wake mpana nimeufunga kitambaa cheupe na kamba, vile tunavyofunga asali. Sikuandika kwamba ni asali, Mungu ananijua. Niliandika kwenye karatasi: "Malimbuko ya mashine ya mbao ya Kaka Lameck."

Mnadishaji akainyanyua juu, akasoma, akacheka, akasema leo mwenye mashine ametuletea asali nyeusi ya porini. Kaka Lameck alikuwa mstari wa mbele na suti. Alitabasamu kwanza, mtu akitajwa kwa wema hutabasamu. Kisha akaitazama chupa vizuri. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Nikampungia mkono.

Hapo ndipo alipoanza kununua. Mtu mmoja akitaja bei, yeye anapanda juu yake, haraka haraka, jasho linamtoka na baridi yote ile. Watu wakashangilia ukarimu wake. Mimi nilikuwa naonja kila sekunde. Nilikuwa nimepanga kwamba akishaichukua tu, nitamwomba mbele ya watu aifungue atugawie.

Kumbe na mama anaitaka.

Mama yetu anapenda asali kuliko nyama. Alinyanyua fimbo yake, akaongeza. Kaka akaongeza. Mama akageuka akamtazama, na watu wakaanza kuguna, maana nani hushindana na mama yake kanisani? "Mwachie mama!" wakapiga kelele. Kaka Lameck akafunga mdomo.

Mama alipewa chupa yake akaja nayo pale niliposimama. Akafungua kamba mwenyewe. Kitambaa akanipa mimi nimshikie. Nilikishika. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na mdomo wangu haukufunguka, kwa sababu nilikuwa namwangalia Kaka Lameck anavyopasua katikati ya watu akija mbio. Nilitaka kumwona anavyohangaika. Mama akachovya kidole, akakitoa kimejaa weusi, akakipeleka mdomoni.

"Mama, usionje!" Kaka alimdaka mkono. "Si asali hiyo! Ni mafuta ya difu!"



Mama akamwangalia kwa utulivu wake ule. "Wewe umejuaje?"

Kaka akauachia mkono wake. Mama akauliza tena, kwa Kihehe safari hii, taratibu, kama anavyoulizwa mtoto aliyevunja chungu. Baba mdogo alikuwa amesogea. Mnadishaji pia. Kaka Lameck alitazama viatu vyake, akasema, "Ni maranda yangu, mama. Niliyaweka mimi. Difu ya gari ilikuwa imekwisha."

Za mwizi arobaini, na ya leo niliihesabu nikiwa nimesimama. Baba mdogo alisema palepale kwamba ile karatasi ya shamba haina kazi tena, na Jumamosi ukoo unakaa upya. Wanawake wa kwaya walinizunguka wakitaka nianze hadithi mwanzo. Nilianza. Niliwaeleza habari za shafti, na fowili, na yale mafuta yaliyogoma kumwagika, na nilipofika kwenye redio waliinama kwa kucheka. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani. Sijuti kumwaibisha, na kama ingekuwa lazima nirudie, ningerudia na chupa mbili.

Nimeendesha kurudi Kihesa taratibu, difu inalia kwa nguvu zake zote sasa kwa sababu haina tena cha kuifunga mdomo. Ambokile amepata difu nyingine kutoka Mbeya, ataifunga keshokutwa. Kazi ya kambi nitaiokoa. Miti nitaipata. Kila nilichokitaka nimekipata.

Ila nilipomsindikiza mama mpaka nyumbani kwake, alikuwa bado anafuta kile kidole kwa khanga. Nilikuwa nasubiri aniambie pole. Akasema, "Mwenzako alinidaka mkono. Wewe ulikuwa umeshika kitambaa."

Nilimwambia ningemzuia, nilikuwa nataka kumzuia. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa ni saa moja na nusu, upepo unapiga bati, na nimejaribu kuandika ile sentensi mara tatu: ningemzuia. Kila nikiiandika naifuta. Kwenye daftari la gari niliandika tu nilichokisikia kwa masikio yangu, na pale uwanjani sikujisikia nikisema neno.