Maelezo ya Fundi Kompyuta Kuhusu Swichi Aliyoichagua

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha, kazini anaitwa Fundi
Umri: miaka 34
Kazi: fundi wa kompyuta, zahanati binafsi yenye maabara
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanda cha matofali
Tarehe na saa: 15 Machi, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afande amenieleza kwamba kusema uongo hapa ni kosa, nami nimemwambia uongo ndio ulionileta.

Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye zahanati hiyo. Aliyeniombea kazi ni mtunza mafaili wetu, mama wa miaka hamsini na minane. Wote tunamwita Mama Kabati, kwa sababu funguo za makabati yote hukaa shingoni mwake. Si ndugu yangu, lakini huniita mwanangu.

Mnamo tarehe 4 Machi, saa tatu asubuhi, meneja aliniita ofisini. Majibu ya vipimo vya wagonjwa yalikuwa yanavuja. Siku moja kabla, mume wa mgonjwa alikuja mapokezi na majibu ya mkewe kwenye simu, ametumiwa na mtu asiyemjua. Alilia mbele ya foleni nzima. Meneja akasema, "Nataka kujua ni kompyuta gani inayatoa. Nunua kifaa, ila usiniletee bei ya ndege." Nikamjibu, "Hiyo kazi ndogo, bosi." Haikuwa ndogo, na sikuwahi kuifanya.

Tarehe 5, saa tano asubuhi, nilikwenda duka la vifaa vya kompyuta. Nilihitaji swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku ambacho nyaya za kompyuta zote huingia, na iwe inaweza kutoa nakala ya kila kinachopita na kuipeleka kwenye kompyuta moja ya uangalizi. Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, aliweka mbili juu ya kaunta. Akaniuliza, "Unataka ya kawaida, au hii unayoweza kuipangia kazi? Hii bei imezidi kidogo, ila kati ya zinazotoa nakala hakuna ya bei nafuu kama hii." Nyuma yangu walisimama mafundi wawili ninaofahamiana nao. Sikuelewa tofauti, na niliona haya kuuliza mbele yao. Nikasema, "Nipe ya kawaida, mengine nitayamaliza mwenyewe." Yule dada aliniangalia, kisha akafunga boksi. Pesa niliyopewa ingetosha ile nyingine.

Tarehe 6 niliifunga. Kufikia saa sita mchana nilishajua kwamba haina mahali popote pa kuipangia kitu. Swichi ya kawaida humpelekea kila mmoja kilicho chake na basi. Kompyuta yangu ya uangalizi ilikuwa haioni mafaili ya mtu, ilisikia tu zile salamu ambazo kila kompyuta huwatangazia wenzake wote. Nilipaswa kurudi kwa meneja siku ileile. Sikurudi. Kila aliponiuliza nilimwambia, "Tunakusanya, bosi."

Tarehe 12, saa nane mchana, alikuja mwenyewe akasimama nyuma ya kiti changu. "Wiki nzima sasa. Nani?" Kwenye skrini, kompyuta ya mafaili ndiyo iliyokuwa na mistari mingi. Sababu niliijua: printa ya wote imeunganishwa nayo, kwa hiyo inajitangaza kila dakika. Hapakuwa na la kutilia shaka. Nikamwambia, "Inayopiga kelele zaidi ni hii ya Mama Kabati." Nilidanganya. Sikutamka kwamba ameiba. Nimejiambia hivyo siku tatu na haijanisaidia.

Tarehe 13, saa nne asubuhi, askari wawili walioitwa na meneja walikuja kumchukua Mama Kabati. Alivua kamba ya funguo akanikabidhi mimi. Akasema, "Kabati la tatu linakwama. Linyanyue kidogo kabla hujavuta." Nikapokea. Nikazitia mfukoni.

Tarehe 14, duka lilipofunguliwa, nilikuwa mlangoni. Nilimweleza yule dada kila kitu. Hakunicheka, afadhali angenicheka. Aliniazima ile swichi ya pili, na kuipanga kulinichukua dakika ishirini tu. Saa saba mchana, kompyuta ya mafaili ikiwa imezimwa na mwenyewe yuko mahabusu, majibu ya maabara yalitoka tena. Yalitoka kwenye kompyuta ya meneja, naye alikuwa nje anakula. Sijui kama ni mkono wa mtu au ni programu mbaya iliyojipenyeza humo. Wataalamu waikague. Mimi sitamnyooshea mtu kidole mara ya pili. Rekodi hiyo nimemkabidhi afande kwenye flashi.

Leo, nikiwa nasubiri zamu yangu, Mama Kabati alipitishwa koridoni kwenda kunawa. Alikuwa pekupeku. Akasema, "Mwanangu, umekuja kuniona! Nilijua wewe utakuja." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Hata hapo nilidanganya.

Naomba asomewe maelezo haya, au niruhusiwe kumsomea mwenyewe. Hayo ndiyo niliyoyafanya, nimeyasema kwa hiari yangu na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo yake naye ameyakubali, isipokuwa neno moja. Nilikuwa nimeandika "nilikosea" kuhusu tarehe 12. Ameomba lisomeke "nilidanganya". Nimerekebisha, ametia sahihi pembeni. Mama huyo ameachiwa saa 7:25 mchana kwa amri ya mkuu wa kituo. Shahidi alimsomea maelezo mwenyewe, mbele yangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeniambia mimi siku ileile. Ningekwenda na wewe kwa meneja."