Mguu wa Baba Mkwe

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Iringa, kwenye benchi nje ya wodi, na jua la saa nne limenikaa mgongoni. Jina lako silitaji hata kwenye karatasi, kama nilivyofundishwa nilipoolewa kwenu. Lakini Baba nitakuita. Hilo uliniruhusu mwenyewe.

Unakumbuka nilivyofika pale kwenu mlimani, juu ya Mbeya? Msichana wa Kihehe, nesi, mdomo mwepesi. Mume wangu Ambakisye alikuwa hajashusha hata sanduku langu, Mama akaniita jikoni akanipa sheria: kwa Wanyakyusa mke hatazamani na baba wa mume wake, wala hasemi naye. Akipita, jifiche. Akiingia, toka. Nilidhani ni mzaha. Mwaka mzima nilikujua kwa kikohozi, kwa moshi wa kiko chako, na kwa mgongo wako ukielekea shamba la pareto.

Kwa kuutazama mgongo huo ndipo nilipojua unaumwa. Ukienda kanisani ulisimama mara tatu njiani, ukajifanya unakagua mahindi ya watu. Kisha zikawa mara tano. Ukiinama, ulikuwa unakanda shavu la mguu. Nilimwambia Mama, Mama akakwambia, ukajibu kuwa ni uzee tu. Hadi kidole cha mguu wa kushoto kilipogeuka cheusi.

Hospitalini Mbeya daktari hakuanza na mguu. Alikushika mkono, akauviringisha mshipa wa kifundoni chini ya vidole vyake, polepole. Akaniita, “Nesi, njoo uguse hapa.” Sikwenda. Nilibaki nyuma ya pazia na adabu zangu. Ilibidi anifuate.

“Mishipa ya mzee huyu imekuwa migumu kama kamba iliyokauka,” aliniambia. “Mshipa wenye afya hutanuka moyo unapopiga, kisha hurudi. Wake hautanuki. Mguuni damu karibu haifiki. Lakini usiutazame mguu peke yake, ugumu huo umeenea mwili mzima. Moyo wake unasukuma kwa shida, na siku moja utachoka.”

Alitaka mambo matatu: kidonda kisafishwe kila siku, tumbaku uache, na utembee, upumzike, utembee tena. Weusi ukipanda, mguu utakatwa chini ya goti.

Nani akusafishe? Zahanati ilikuwa mbali na mguu usingekufikisha. Ambakisye alikuwa kambini wakijenga reli ya kwenda Zambia. Mama macho yake yalishaingia ukungu. Nilibaki mimi. Baba Mdogo akapiga kelele uani, nyumba nzima ikasikia: “Mkwe amshike mzee mguu? Afadhali ukatwe!”

Siku ya tatu Mama akanijia jikoni. “Baba yenu anasema hivi: mguu ni wa hospitali, na wewe ni wa hospitali. Yeye atatazama ukutani.”

Ndivyo tulivyofanya. Wewe umelala umeelekea ukuta, umefunikwa blanketi, mguu mmoja tu nje. Mguu wa baridi kama jiwe la mtoni. Niliupapasa juu ya unyayo nikitafuta mapigo, sikuyapata. Mama aliketi katikati kutupitishia maneno, sote tuko chumba kimoja. “Mama, mwambie Baba avumilie.” “Anasema uvumilie.” “Mwambie maji ni ya moto.” “Anasema maji ni ya moto.” Siku moja Mama alishikwa na kicheko hadi akashindwa kuendelea, nami nikaona mabega yako chini ya blanketi yanatikisika.

Kiko ulikitoa mwenyewe. Ukanuna mwezi mzima.

Vidole viwili vilikatwa, Baba, lakini mguu ulibaki. Ukaanza kutembea hadi kwenye kona, ukakaa, ukasogea tena. Na asubuhi moja niliingia na beseni, kumbe Mama ametoka. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa nageuka kuondoka.

Ukageuka wewe. Ukanitazama usoni.

“Kamwene,” ukasema.

Salamu ya kwetu! Maji yote yalimwagika. Nilipiga magoti. “Nimemwuliza mwalimu wa shule jinsi mnavyosalimiana kwenu,” ukaniambia. “Nimeona nisije nikafa sijamsalimu aliyeniosha miguu.”

Tukapata miaka miwili. Tulitembea wote hadi sokoni, tukipumzika kila mti, na watu wakitutazama. Siku moja ukauliza, “Yule daktari alisema moyo utachoka. Lini?” Kumbe uliyasikia yote. Nikakwambia sijui, Baba. “Basi tutembee,” ukasema, ukasimama.

Ulichoka mchana wa jua, umekaa kwenye kigoda unaanika pareto. Mama alidhani unasinzia. Nililia sana, Baba, lakini sikuwa na kinyongo na mtu, wala na ile mishipa. Ulizikwa na miguu yako yote miwili.

Sasa habari. Nilihamishiwa hapa Iringa. Ambakisye amemaliza ya reli, amepata kazi ya uashi hapa mjini. Mama alipasuliwa macho na anaona; neno la kwanza alisema nimekonda. Na Baba Mdogo, yule wa afadhali ukatwe, alikuja kwa basi kutoka Mbeya, akakaa mbele yangu, akavua kiatu bila kuulizwa. Nilijizuia kucheka. Mguu wake tumeuwahi.

Wagonjwa wa miguu hapa ni wengi. Wanafunzi wangu hukimbilia kidonda. Nawaambia washike mkono kwanza, waviringishe mshipa, wausikie ugumu, maana mwenye mguu ana moyo pia. Pazia nimekoma kujificha nyuma yake.

Na tumepata binti, Baba. Tumemwita Tusekile, yaani tumefurahi. Ana miezi minane, anacheka na kila mtu.

Wananiita wodini. Pumzika vizuri, Baba. Ndaga fijo, asante sana, kwa lugha yako, kama ulivyonipa ya kwangu. Picha yako hatuna hata moja, lakini nakuahidi hili: Tusekile akiuliza babu yake alikuwaje, sitamwelekeza kwa mtu mwingine. Nitamweleza mwenyewe: kovu juu ya nyusi, pengo la jino la mbele, macho yaliyoanza kucheka kabla ya mdomo. Nitamweleza yote. Nilikuona.

Mimi mwanao.