Waya Thelathini na Nne

Tarehe 3 Machi. Leo natimiza miaka miwili na miezi minne tangu niondoke nyumbani.

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika. Zege la ghorofa ya sita halina huruma. Wewe hujambo? Na magoti ya mama yako?

Picha nimeipata. Mwanangu kavaa sare ya kijani, darubini shingoni, wageni wanane nyuma yake! Nimeionyesha ghorofa nzima. Nyapara akauliza, "Huyu anaongoza nini?" Nikamwambia, "Msitu." Siku ile hakunisumbua tena.

Ati zahanati imeezekwa kwa ada ya wageni wanaokuja kutazama wanyama? Sisi tuliowala hao wanyama hatukuezeka hata choo. Kaza mwendo, mama.

Baba yako

*

Tarehe 29 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Magoti ya Mama yamepata nafuu, ulimi haujawahi kuumwa.

Baba, juzi nikiwa na wageni sita tulimkuta paa jike amenaswa mguu kwenye waya. Amekonda, bado anapumua. Tuliukata waya, akaondoka akichechemea. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikaa chini akalia. Huyo ni mnyama wa tatu tangu Januari. Kamati ya msitu imesema akinaswa mwingine, matembezi ya wageni yanafungwa, na sisi waongozaji kumi na wawili turudi nyumbani. Vijana wawili wa ng'ambo ya mto wamekamatwa kwa kushukiwa.

Waya ule ulikuwa na kutu. Fundo lake ni lile la kuzungusha mara mbili, ulilokuwa ukifungia mbuzi wetu. Sijamwambia mtu, hata Mama. Niambie kweli.

Binti yako

*

Tarehe 2 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Nimechelewa kukujibu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mwoga.

Ni waya zangu. Zote thelathini na nne. Kazi hii ilipotokea niliondoka mbiombio, nikajidanganya kwamba zitaliwa na kutu zikatike zenyewe. Mtego haujui kuwa mwenyewe amesafiri.

Nimekuchorea ramani kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mstari mrefu ni kijito, kila msalaba ni waya. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne, lakini miguu haijasahau njia.

Isomee kamati barua hii, na jina langu ulitaje. Wale vijana waachiwe. Wakitaka kunishtaki, nipo.

Baba yako

*

Tarehe 30 Juni

Shikamoo Baba,

Hatujambo. Mama alinuna siku mbili, ya tatu akaniuliza kama unakula vizuri.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati, nimesimama. Mwenyekiti aliigeuzageuza ramani akasema, "Huyu baba yako ni jangili au mpima ardhi?" Wakacheka. Mmoja akanirushia, "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Mkuu wa askari wa wanyamapori akamgeukia: "Basi huyu nyoka kaitema sumu mwenyewe. Twendeni."

Tulitembea siku nne. Tumetoa waya thelathini na moja, kila mmoja pale pale penye msalaba wake. Vijana wameachiwa, matembezi yanaendelea. Ila tatu za bondeni hatuzioni, na nimezuia wageni wasifike huko. Mkuu wa askari anasema ramani haifuti sheria: lazima uripoti kwake. Lakini ataomba adhabu yako iwe kutoa mitego pamoja nao.

Baba, aibu na fahari zilikaa nami benchi moja siku ile. Aibu imeshainuka, imekwenda zake.

Binti yako

*

Tarehe 14 Julai

Binti yangu, fahari yangu,

Msalimie mama yako, mwambie nakula.

Hizo tatu msizifuate bila mimi. Mnatazama chini, nilizifunga juu, kimo cha shingo ya nyati, na majani yamezificha.

Nimeaga kazini. Nyapara akashangaa: "Mzee, unaacha kazi ili ukashtakiwe?" Nikamwambia, "Kule kuna mtu mmoja alisimama mbele ya watu akalitaja jina langu. Siwezi kumwacha asimame peke yake." Akanipa mkono, yeye asiyempa mtu hata salamu.

Zege la ghorofa ya tisa tunalimwaga wiki ijayo, kisha nafunga mzigo. Nitapitia kwanza kwa mkuu wa askari, asije akahangaika kunifuata. Nyumbani nitafika Jumamosi, tarehe 2 Agosti, kabla ya jua kuwa kali.

Baba yako